Panga jembamba au panga nene?

Madukani Malindi watu huchagua panga kwa urefu na bei. Mimi nasema anza na unene. Pima kwenye mgongo wa bapa: milimita 2 ni jembamba, milimita 3 ni nene, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kazi.

Nyasi na magugu mabichi ya mvua za mwaka yanataka bapa jembamba na refu, inchi 20 hadi 22. Bua bichi hukatwa na kasi ya ncha. Panga zito litakuchosha bure. Vichaka vya kiangazi vina mambo mengine. Mti mkavu hulibana bapa jembamba, na ukilitikisa ulitoe, makali hupinda. Hapo chukua inchi 14 hadi 18, lenye unene wa milimita 3. Kwa miti migumu yenye miiba, wengine husifu panga fupi na nene. Ushauri huo unafaa kwa migunga yetu, kwa nyasi haufai kabisa. Mwenye pesa za panga moja tu anunue la inchi 18.

Kabla hujalipa, lipinde kidogo kwa mkono: lazima linyooke lenyewe. Chuma kifike mwisho wa mpini, na ribiti zisicheze hata kidogo. Mpini wa plastiki laini huteleza kwa jasho.

Panga jipya huja butu. Lifunge kwenye jiliwa, chukua tupa bapa, usukume kuelekea mbele tu, kurudi, iinue. Pembe ya makali iwe nyuzi 20 kila upande kwa nyasi, 30 kwa miti, maana makali membamba mno humeguka kwenye mti mkavu. Tafadhali usilipeleke kwenye mashine ya kunolea. Chuma kikigeuka buluu kwa joto, ugumu umekwisha, na hapo halishiki makali tena.

Upande wa Gede na Watamu mawe ya matumbawe yako juujuu. Fyeka ukiacha vidole vinne kutoka ardhini, au tumia panga kuukuu. Visiki vikate sawasawa. Kisiki cha mshazari hutoboa kandambili mpaka mguuni.

Jioni futa utomvu, kausha, paka mafuta ya nazi. Usilihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu wa chumvi na kutu huanzia humo.