Impreza Yangu ya Mbio: Pesa Zilikokwenda

Kila aliyesikia nimechukua Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998 kwa ajili ya autokrosi (mbio fupi za kuzunguka njia ya udongo) aliniuliza jambo lilelile: utaiongeza nguvu kiasi gani? Siiongezi. Injini ya cc 1,994 yenye tabo (turbo) ilinitosha tangu siku ninaitoa Dar kuileta Dodoma. Nilitaka gari la kuzunguka njia ya vumbi likiwa limekanyagwa, lisimame ninapotaka, kisha jioni lirudi nyumbani bila kuvutwa.

Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua zikinyesha huku kwetu njia za udongo hazifai, kwa hiyo huo ndio muda wa gereji. Fundi wangu yuko Kizota, mzee wa Kigogo anayekupokea kwa "Mbukwa!" hata hujazima gari. Mimi ananiita mwanangu, hata siku ambayo bili inauma.

Tulianza na mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu zifuatane na pistoni. Gari la mtumba lisilo na kumbukumbu za matengenezo usiliamini kwa kilomita za kwenye dashibodi. Kwenye injini hii mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo safari ni ya Ilala, Dar, kutafuta injini nyingine. Tulibadili mkanda, rola zake na pampu ya maji kwa mpigo mmoja, maana kazi ya kuvifikia ni ileile.

Breki ndizo zilizokula muda. Mafuta ya breki hunyonya unyevu taratibu. DOT 4, aina ya mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Kwa mizunguko ya mjini hutagundua kitu. Piga breki kali kona baada ya kona, mafuta yatachemka ndani ya kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki), mvuke utajaa, na pedeli itazama hadi sakafuni. Yaliyotoka kwenye gari langu yalikuwa meusi kama chai ya rangi.

Kuweka mafuta mapya na kutoa upepo, mimi nilikaa kwenye usukani, mzee akaingia chini na mpira mwembamba alioutumbukiza kwenye chupa ya soda.

"Kanyaga."

"Tayari, mzee."

"Shikilia hapohapo."

Analegeza nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa, mafuta yanaruka na mapovu, anakaza. Ndipo anasema, "Achia." Ukiachia kabla hajakaza, umevuta upepo upya. Kijana wake alikuwa na kazi moja tu, kuangalia kikopo cha juu cha mafuta ya breki kisikauke. Magurudumu tuliyafuata kwa mpangilio wa kitabu cha gari, kwani si kila gari huanza na tairi la mbali. Tuliendelea mpaka mapovu yakakata na pedeli ikagoma juu. Padi za mbele zikawekwa mpya.

Vumbi la Dodoma nalo lina heshima yake. Vijana wa gereji walinishauri nitoe boksi la filta ya hewa nifunge filta ya wazi, eti gari litanguruma. Lingenguruma kweli, huku likivuta hewa ya moto na mchanga. Boksi limebaki, filta mpya, mpira wake umekaa vizuri, na kila baada ya kukimbia naifungua kuikagua. Rejeta tuliiosha kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili mbegu za nyasi zitoke zilikoingilia.

Kiti cha nyuma, zulia, jeki na tairi la akiba vilitoka. Helmeti nilinunua mpya, sibishani na mtu: povu la ndani likishabonyezwa na ajali, kwa nje huoni chochote.

Majaribio tulifanyia shambani kwa rafiki, njia ya Hombolo, siyo barabarani. Baada ya raundi za kwanza tulipima upepo wa matairi yakiwa ya moto, tukapunguza kidogo, tukapitia nati zote kwa spana ya kipimo. Mbili za mbele kushoto zilikubali kuzunguka tena. Breki zilikuwa zilezile raundi ya mwisho kama ya kwanza.

Zimebaki shokapu za nyuma, moja imeanza kutoa jasho la oili. Mzee anasema itafika Septemba. Mimi nimeshaanza kuulizia bei.