Baba hasikii "kisu", lakini makelele anayasikia

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Pemba kumtazama Baba. Nilifika Konde magharibi imekaribia, nikamkuta kakaa barazani juu ya mkeka wake. Dada yangu alikuwa jikoni anataka kumenya muhogo, akauliza kutoka ndani:

"Baba, kisu kiko wapi?"

"Kitu gani?"

"Kisu!"

"Ndiyo, kitu gani?"

Mara ya tatu dada alitoka mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ya juu kabisa. Baba akakunja uso. "Mbona wanipigia makelele? Mimi si kiziwi."

Dada akanigeukia. "Unamuona? Husikia anapotaka mwenyewe."

Maneno hayo nimeyasikia katika nyumba nyingi zenye wazee, na kila mara huniuma, kwa sababu mzee huwa anasema kweli tupu. Kazi yangu ni spika. Huu mwaka wa kumi na mbili nafunga muziki kwenye maharusi ya Mjini na mashamba huko Unguja, na kazi hiyo imenilazimisha nijifunze namna sikio linavyopokea sauti. Basi wacha nieleze.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama gamba la konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio. Seli zipatazo 3,500 ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Zilizobaki, kama 12,000, kazi yake ni kuzikuza sauti ndogo, mfano wa amplifaya. Umri na kelele huziua hizi za kukuza mwanzo, na huanzia upande unaopokea sauti nyembamba. Mtu akishazipoteza, sauti ndogo haimfikii tena. Lakini sauti kubwa haihitaji kukuzwa, kwa hiyo inamfikia na nguvu zake karibu zote. Baina ya "sisikii" na "wanipigia makelele" Baba amebakiwa na nafasi nyembamba sana, na sisi tunairuka kila siku kwa kupaza sauti.

Na kisu je? Herufi s ni sauti nyembamba mno, nguvu zake nyingi ziko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Irabu ziko chini, na hizo Baba anazipata vizuri. Linalomfikia ni "ki" na "u", katikati pengo. Akili inaliziba pengo kwa neno lililozoeleka zaidi: kitu. Wala hakuwa anajibu ovyo. Alijibu alichokisikia.

Baba alisimamia mashine ya kukoboa mpunga zaidi ya miaka thelathini. Wataalamu wa afya kazini wanashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti) zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zikipanda 3 muda ukatwe nusu. Ukifika 91 umebakiwa na saa mbili. Kwenye mashine ile ilibidi umsemeshe mwenzako sikioni, na mwenye mashine hakuwahi kuwapa hata vizibo vya masikio. Walitia pamba.

Desibeli zenyewe haziendi kama kilo za mchele. Ukiongeza 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, lakini sikio la mtu linakwambia imezidi kiasi cha mara mbili tu. Wenye harusi huniomba nitie "mara mbili ya hii" wakidhani nitaongeza spika moja. Halafu kuna besi. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walionesha kwamba sauti nzito inahitaji nguvu nyingi zaidi ili isikike sawa na sauti ya kati. Ndiyo maana nikipunguza muziki usiku vijana hulalamika nimeua besi, na mimi besi sijaigusa.

Usiku ule nililala barazani. Paka wetu alikuwa miguuni pangu, macho kayafumba. Ghafla sikio moja likageuka peke yake kuelekea gunia la mpunga, kichwa hakikutikisika. Mimi sikusikia chochote. Kisha la pili likafuata, na baada ya kitambo panya akatokeza. Sisi tunaishia mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, tena tukiwa vijana. Paka anapita 60,000, na panya huzungumza huko huko juu.

Juu yangu, kwenye mapaa, walikuwemo wale popo wadogo wanaokula wadudu. (Siwasemei popo wakubwa wa Pemba tunaowaona Kidike. Wale wanatafuta matunda kwa macho na pua, na ugomvi wao mitini kila mtu anausikia.) Hawa wadogo hupiga ukelele unaopita desibeli 100 karibu na mdomo, wakausikiliza mwangwi wake wapate kujua mdudu yuko wapi. Huku chini sisi ukelele huo mwembamba hatuusikii, tunasema usiku umetulia. Ili wasijiumize masikio yao wenyewe, msuli mdogo ndani ya sikio hukaza kabla ya kila ukelele, ukalegea upesi kuupokea mwangwi. Na sisi tunao msuli kama huo. Lakini kelele inayokuja ghafla kutoka nje huwa imeshaingia ndipo unakaza.

Lililoniuma zaidi ni kuku. Mwaka 1988 watafiti walithibitisha kwamba ndege, akiwemo kuku, zile seli za vinyweleo sikioni zikifa huota mpya. Kuku waliokuwa wakidonoa pumba chini ya mashine ile masikio yao yangeweza kupona. Ya Baba hayatapona.

Asubuhi nilizungumza na dada. Nikamwomba aache kupiga kelele kutoka jikoni. Azime redio, aende akae mbele yake auone uso, aseme polepole kwa sauti yake ya kawaida, na neno likikataa abadilishe neno badala ya kulikariri.

Hakunijibu kitu. Lakini ulipofika wakati wa kumenya ndizi alitoka, akachutama mbele ya mkeka.

"Baba, naomba kile cha kumenyea."

Baba akainua ukingo wa mkeka, akampa.