Kiti cha mtumba: nunua fremu, kitambaa utakivua

Anayechagua kiti cha mtumba kwa kutazama kitambaa anaanzia mwisho. Kitambaa, hata kikiwa kimechanika na kujaa madoa, kitang'olewa. Sponji nayo itatupwa. Kitakachobaki ni fremu, na fremu ndiyo sehemu ambayo mtu asiye seremala hawezi kuiunda upya nyumbani. Kwa hiyo kiti chenye kitambaa kizuri na miguu inayocheza ni ghali kwa bei yoyote ile, na kiti chenye kitambaa cha kukatisha tamaa lakini viungo vimekaza ni bahati yako, maana wengi wamekipita bila kukigusa.

Hapa nazungumzia viti vya meza ya chakula, vile ambavyo kikalio chake hutoka ukifungua skrubu nne. Ndivyo vya kuanzia. Kochi lina springi, mikanda, mishono ya mashine na pembe za kila namna. Ukishavisha viti sita ukaridhika navyo, mkono utakuwa umezoea.

Unapokikagua kiti, kipindue kwanza. Kisha kisimamishe, shika mgongo kwa mkono mmoja na mguu wa mbele ulio upande wa pili kwa mkono mwingine, usukume kama unayetaka kukipinda. Kiungo kilicholegea kitalia au kitafunguka mwanya. Hilo peke yake lisikukimbize, maana gundi inaliponya. Kinachotakiwa kukukimbiza ni mbao iliyopasuka pale ulimi (ncha ya mbao iliyochongwa) unapoingia kwenye tundu lake, au misumari iliyopigiliwa kwenye kiungo. Msumari hauzuii mguu kucheza. Unachofanya ni kuipasua mbao taratibu kila mtu anapokaa, na kuutoa bila kuharibu zaidi ni kazi. Tazama pia vitundu vidogo vya mviringo. Ukigonga kiti na unga mweupe ukamwagika, wadudu bado wamo ndani. Vitundu vikavu visivyotoa unga, kwenye mbao ambayo bado ni ngumu ukiibonyeza kwa kucha, kwa kawaida ni historia tu.

Kisha kunguni. Chungulia chini ya kikalio, kwenye mikunjo ya kitambaa na ndani ya matundu ya skrubu. Ukiona vidoa vyeusi vilivyokusanyika pamoja, kiache kiti hapo hapo. Kunguni na mayai yao hufa joto likifika nyuzi 50 za Selsiasi na kudumu, lakini kulifikisha joto hilo hadi ndani ya viungo vya mbao si kazi ya kuanika juani.

Kuhusu bei, ujue kwamba muuzaji wa viti vitatu au vitano yuko dhaifu kuliko wa vinne au sita, kwa sababu wateja wengi wanataka seti kamili. Hapo ndipo punguzo lilipo. Viti vya mitindo miwili tofauti vikivishwa kitambaa kimoja vinapatana mezani, ila vikalio vyake lazima vilingane kimo. Meza nyingi zina kimo cha sentimita 75 hivi na viti 45 hivi, kwa hiyo kati ya kikalio na meza kuna kama sentimita 30. Nenda na futi ya kupimia, na upime pia kutoka sakafuni hadi ubao unaopita chini ya meza, kwa sababu huo ndio unaogusa mapaja. Jambo hili hurudi tena kwenye sponji: kikalio kilichobonyea hadi sentimita 2, ukikiwekea sponji mpya ya sentimita 5, kimepanda sentimita 3 nzima.

Viungo kwanza

Gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Kiungo kilicholegea kifungue kabisa, kwangua gundi ya zamani kwa kisu au patasi hadi mbao ionekane, ndipo upake gundi ya mbao pande zote mbili. Kama huna jiriwa (kifaa cha kubania mbao), zungusha kamba mara mbili kwenye miguu yote minne, ingiza kijiti katikati ya kamba na ukizungushe hadi ikaze. Weka kiti juu ya sakafu iliyo sawa kabisa wakati gundi ingali mbichi, uhakikishe miguu yote imegusa chini, na ukiache kwa saa 24. Kikikaukia kwenye sakafu yenye bonde kitapepesuka milele.

Ukitaka kupiga msasa fremu yenye rangi ya zamani sana, tahadhari na madini ya risasi, yenye sumu, ndani ya rangi. Marekani iliipiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978, na zipo nchi zilizochelewa zaidi. Rangi usiyoijua umri wake isugue ikiwa imeloweshwa maji, watoto wakiwa mbali.

Kuvua cha zamani

Andika namba chini ya kila kikalio na ndani ya fremu yake kabla ya kufungua chochote. Matundu ya skrubu hayalingani kiti kwa kiti, hata kwenye seti iliyotoka kiwandani pamoja. Pini za stepla zinazoshika kitambaa zing'oe kwa bisibisi bapa na koleo. Hatua hii ndiyo inayokula muda kuliko zote na ndiyo watu hutaka kuiruka kwa kuvisha kitambaa kipya juu ya cha zamani. Usifanye hivyo. Kitambaa cha zamani kinaficha sponji iliyogeuka unga, kinashika harufu, na kinaongeza unene pale pasipotakiwa. Kwa vikalio vinavyotumbukia ndani ya fremu madhara ni makubwa zaidi: kikalio kilichonenepa hulazimishwa kuingia, na kila mtu anapokaa kinasukuma mbao za fremu kwa nje hadi viungo vya pembeni vinaachia. Kikalio cha aina hiyo, kabla hakijavishwa, kiache mwanya wa milimita 2 au 3 kila upande. Ukivisha kitambaa kinene kuliko cha mwanzo, punguza ubao wa kikalio kwa randa au msasa.

Kitambaa ulichokivua usikitupe. Kitakuonyesha mikunjo ya pembeni ilivyofanywa. Ila usikate kipya kwa kukifuata, kwa sababu kimevutika miaka mingi.

Sponji

Hapa usibane pesa. Uzito wa sponji kwa ujazo ni jambo moja na ugumu wake ni jambo jingine. Sponji inaweza kuwa ngumu ukiibonyeza dukani na bado ikawa nyepesi, nayo itabonyea isirudi baada ya miezi michache. Kwa kikalio cha kila siku tafuta yenye kilo 30 hadi 35 kwa mita ya ujazo, au zaidi, unene sentimita 5 na iwe ya kukaza. Mabaki ya godoro la zamani hayafai, kwa sababu yameshachoka katikati.

Weka ubao juu ya sponji, chora kwa kalamu, kisha kata kwa kisu kirefu chenye meno ukiongeza sentimita 1 kila upande. Ziada hiyo hubanwa na kitambaa na kuufanya ukingo uwe wa duara, usio na makali ya ubao. Shikiza sponji kwa gundi kidogo tu katikati. Gundi nyingi hukauka ikawa ngumu, na utaisikia unapokaa. Juu yake weka pamba ya poliesta, ile inayouzwa kwa mita kama blanketi. Bila hiyo kitambaa husuguana na sponji moja kwa moja na kuonyesha kila kibonde. Pamba hii ikatie kwenye ukingo wa chini wa ubao. Ukiikunja ndani pamoja na kitambaa, kikalio kitainuka na skrubu hazitafika.

Sponji hizi huwaka upesi na moshi wake una sumu, kwa hiyo kazi ya gundi na sponji ifanywe mbali na moto, madirisha yakiwa wazi.

Kitambaa: kiasi na aina

Kwa kikalio cha sentimita 45 kwa 45 chenye sponji ya sentimita 5, hesabu ni hii: 45, jumlisha 5 za sponji mara mbili, jumlisha unene wa ubao (tuseme sentimita 1) mara mbili, jumlisha sentimita 4 za kupigia pini kila upande. Inafika 65. Kitambaa cha makochi kwa kawaida kina upana wa sentimita 140 hivi, hivyo vipande viwili vinakaa sambamba. Viti vinne vinahitaji mita 1.3 na viti sita mita 2. Kama kuna maua makubwa yanayojirudia, ongeza kimo cha ua moja kwa kila safu.

Kwa vipimo hivyo, vipande vya mwisho wa jora vinatosha kabisa, na ndivyo wauzaji hutaka viondoke. Viulizie kabla ya kuuliza bei ya mita. Sharti ni moja: viti vyote vitoke jora moja, maana rangi ya jora jingine, hata namba ikiwa ile ile, inaweza kutofautiana kidogo na ikaonekana viti vikipangwa pamoja.

Kama duka linaonyesha kipimo cha msuguano cha Martindale, yaani kitambaa kinastahimili kusuguliwa mara ngapi, 20,000 inatosha nyumbani, na 30,000 kwa nyumba yenye watoto wengi. Kama hakuna kipimo, kivute kitambaa kwa pembe kisha kiachie. Kikibaki kimepinda, kitalegea kikalioni vilevile. Mahameli ina manyoya yenye mwelekeo, kwa hiyo kata vipande vyote manyoya yakilala kuelekea mbele ya kiti, la sivyo utapata viti vya rangi mbili.

Kupiga pini

Tandaza kitambaa uso ukiwa chini, pamba juu yake, sponji, kisha ubao. Pini za miguu ya milimita 8 au 10 zinatosha kwa plaiwudi. Piga ya kwanza katikati ya upande wa mbele, ya pili katikati ya nyuma, kisha katikati ya kulia na ya kushoto. Hizi nne zipige huku pua ya stepla ikiwa imeinuliwa kidogo, pini ibaki imesimama na iwe rahisi kung'oa. Pindua kikalio. Angalia uzi mmoja wa mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) kutoka mbele hadi nyuma: je, umenyooka? Ukiwa umepinda, rekebisha sasa. Mstari uliokwenda kombo utauona kila unapokaa mezani.

Uzi ukinyooka, endelea kutoka katikati kwenda pembeni, upande mmoja kidogo kisha upande unaokabiliana nao, pini zikipishana sentimita 2 au 3 na zikilala sambamba na ukingo. Simama sentimita 6 kabla ya kila pembe. Kosa la kawaida hapa ni kuvuta kwa ncha za vidole. Kila palipovutwa panakatika kibonde, na ukingo unakuwa na mawimbi. Dawa yake ni kusukuma kitambaa kwa kiganja kutoka juu ya sponji kuja ukingoni, na mkono mwingine ukikishika tu bila kukivuta. Nguvu inatosha pale ukingo wa sponji unapoanza kuviringika. Ukiona sponji imelala bapa, umezidisha. Pini iliyosimama nusu igonge kwa nyundo. Iliyoingia upande mmoja ing'oe, kwa sababu mguu uliozama hukata nyuzi.

Pembe huja mwisho. Vuta ncha ya kitambaa kuelekea katikati ya ubao, piga pini moja, kata ncha iliyobaki ukiacha sentimita 1 baada ya pini. Sasa zimebaki pindo mbili. Kunja ya mbele kwanza, halafu ya ubavuni juu yake, ili mkunjo utazame ubavuni na kiti kikitazamwa kwa mbele kionekane laini. Pembe ya mviringo haitaki mkunjo mmoja mkubwa, inataka marinda madogo manne au matano yaliyokusanywa chini ya ubao.

Kabla hujafunika chini, tafuta matundu ya skrubu. Njia nyepesi ni kuchomeka njiti ya kiberiti kwenye kila tundu mapema, uipapase ukishamaliza. Toboa kitambaa hapo kwa msumari uliopashwa moto, ikiwa ni cha poliesta, ili nyuzi zigande. Skrubu ikizungushwa juu ya kitambaa kisichotobolewa inaweza kunasa uzi na kuuvuta hadi juu ya kikalio, na mfuo wake hautoki.

Kama umetumia ngozi ya bandia, toboa matundu mawili ya milimita 10 kwenye ubao kwa keekee kabla ya kuvisha. Ngozi hiyo haipitishi hewa, na mtu akikaa hewa inatafuta pa kutokea, mara nyingi kwenye pembe. Chini funika kwa kitambaa chepesi kinachopumua, ukunje pindo ndani. Rudisha kila kikalio kwenye fremu yenye namba yake kwa skrubu zile zile, maana ndefu zaidi itatokeza juu ya ubao. Anza zote nne kwa mkono kabla ya kukaza hata moja, kisha uzikaze tena baada ya wiki mbili tatu, kitambaa kilichobanwa kati ya ubao na fremu kikishajilaza.