Prosesi iliyolala mkekani

Juzi mpwa wangu kafunga laptopu yangu, kaiangalia, kaniuliza, "Mjomba, ikishalala hivi nani anaiamsha?" Nikamjibu juu juu, maana akili ilishafika Tabora, kile chumba cha uani kule Ng'ambo, mimi na jamaa yangu na ile draiva yetu ya diski, yaani kipande cha programu kinachoongea na diski.

Mfumo endeshi wenyewe tuliuandika kwa kuifuata xv6, ile ndogo ya MIT ya kufundishia, tunauendesha ndani ya QEMU, programu inayojifanya kompyuta. Unawaka vizuri, unasoma faili, halafu mara mojamoja unaganda tu, hausemi kitu. Ukiweka mstari wa printi, wa kuandika ujumbe kwenye skrini, uone umekwama wapi, haugandi! Ukiutoa, unaganda. Jamaa akaanza kusema diski ina majini, na hiyo diski yenyewe ni faili tu.

Usiku mmoja umeme ukakatika, betri nayo kwisha, tukawasha mshumaa, jamaa akasema basi tuigize, wewe prosesi, yaani programu inayoendeshwa, mimi diski. Prosesi inaomba data, inaangalia bendera, ile alama ya kwamba data imefika, kama bado inalala, diski ikimaliza inapiga kofi, ndo intarapti hiyo, ishara ya diski ya kuikatiza kompyuta (kwa diski za IDE ni namba 14), aliyelala anaamshwa. Haya. Nikaomba. Nikaangalia, bado. Nikawa nainama kujilaza, goti moja liko mkekani jingine hewani, jamaa akapiga kofi.

Nikaganda vilevile. Sijalala, kwa hiyo hakuna wa kuamshwa, kofi limeshapita, na nikishalala diski haina sababu ya kupiga lingine.

"Lala basi," akasema. Nikalala. Tukasubiri. Mbu wananila, mama mwenye nyumba kaja mlangoni na tochi: "Wanangu, kuna mgonjwa?"

Kumbe printi ilikuwa inachelewesha tu, diski inawahi kumaliza kabla bendera haijaangaliwa. Umeme uliporudi tukaweka kufuli moja, linaloshikwa na mmoja tu kwa wakati, kuangalia na kulala vyote viwe ndani yake, linaachiwa prosesi ikishaandikwa kwamba imelala, na upande wa intarapti nao ulishike kwanza ndo uamshe. Na anayelishika azime intarapti kwenye prosesa yake, la sivyo intarapti itamkatiza hapohapo, italingoja kufuli aliloshika yeye, na atajisubiri mwenyewe milele.

Haukuganda tena, angalau tukiwa tunauangalia, na kwa bagi (kasoro za programu) za aina hii huo sio ushahidi wa kutambia. Tukafuta printi zote, moja tu jamaa akaikatalia. Nikamwambia kaka, hiyo haina kazi.

"Najua," akasema. "Iache tu."