Nilivyoonyesha kwamba maelezo ya Kiingereza hayakutoka kinywani mwa mdogo wangu

Walionishauri walikuwa wengi kuliko walioisoma karatasi yenyewe. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alishtakiwa kwa wizi wa mali ya mwajiri wake. Ushahidi mzito wa upande wa mashtaka ulikuwa maelezo ya onyo, yaani yale mshtakiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, ya kurasa mbili, kwa Kiingereza, yenye sahihi yake chini. Yeye akisema waliongea Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho, akaulizwa na kujibu, kisha akapewa karatasi atie sahihi. Mpelelezi akisema mshtakiwa mwenyewe alichagua Kiingereza, akasimulia mfululizo bila kuulizwa swali, na yeye akaandika neno kwa neno.

Ushauri wa kwanza, na ulirudiwa na kila aliyepita: aseme hajui Kiingereza. Huu ni ushauri wa kumfunga mtu. Mdogo wangu alikuwa mtunza stoo, na ripoti zake zote za mwezi aliziandika kwa Kiingereza. Mwendesha mashtaka angetoa ripoti moja tu na uaminifu wa mshtakiwa ungeishia hapo. Ushauri wa pili: tafuta programu ya kompyuta, itakupa asilimia ya nani aliandika nini. Wa tatu: aseme alipigwa. Hakupigwa, na sikutaka aanze kujitetea kwa uongo.

Nimefundisha lugha kwa miaka mingi, na isimu ya mahakama, yaani uchunguzi wa lugha katika ushahidi wa kesi, nimeisoma kwa kuipenda tu. Kwa hiyo nilijua kwamba swali la maana halikuwa kama anajua Kiingereza. Swali lilikuwa: je, karatasi hii inafanana na kitu ambacho mtu mmoja, akiwa peke yake, angekisimulia?

Kuhusu programu, nieleze kidogo, maana watu bado wananibishia. Mwaka 1964 wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walitoa matokeo ya kazi yao juu ya makala 12 za kisiasa za Marekani za karne ya 18, ambazo haikujulikana kama ni za Alexander Hamilton au James Madison. Walihesabu maneno madogo ambayo mwandishi hayawazii anapoandika, na hesabu ikaelekea kwa Madison. Ni kazi nzuri sana. Lakini walikuwa na maandishi mengi ya watu wote wawili, yasiyobishaniwa, ya aina ileile. Mimi nilikuwa na kurasa mbili. Asilimia inayotolewa kwenye kurasa mbili wakili yeyote wa upande wa pili ataichana, na atakuwa na haki.

Njia niliyoifuata ilitoka kwenye kesi ya Derek Bentley wa Uingereza. Kijana huyo wa miaka 19, asiyeweza kusoma wala kuandika, alinyongwa Januari 1953 kwa mauaji ya askari polisi, ingawa risasi ilipigwa na mwenzake. Polisi waliapa kwamba maelezo yake yalikuwa masimulizi yake mwenyewe, yasiyochochewa kwa maswali. Miaka mingi baadaye Malcolm Coulthard, mtaalamu wa isimu, aliyachambua. Katika maneno 582 alikuta neno “then” (kisha) mara 10, yaani mara moja katika kila maneno 58. Katika maelezo ya mashahidi wa kawaida alilikuta mara moja katika maneno 930, na katika maelezo ya askari mara moja katika maneno 78. Na lilikaa mahali ambapo askari hulitia, baada ya mtendaji, “I then”, si mahali ambapo mtu wa kawaida hulitia anapoongea. Hukumu ilitenguliwa tarehe 30 Julai 1998. Niwe mkweli hapa: sababu kubwa ya kutenguliwa ilikuwa namna jaji wa mwanzo alivyoliongoza baraza la wazee wa mahakama (juri), si isimu. Lakini mimi sikuwa natafuta ushindi wa kuiga, nilitafuta njia ya kusoma.

Na katika kazi hiyohiyo ya Coulthard kuna jambo lililonivutia kuliko hesabu ya “then”: sentensi za kukanusha. Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitakaa.

Mtu anaposimulia, anasema kilichotokea. Mambo ambayo hayakutokea hayana idadi; hakuna anayeanza kuyataja moja baada ya jingine. Ukisikia mtu anasema “sikuwa na mwavuli”, ujue kuna aliyedhani alikuwa nao, au aliyeuliza. Katika maelezo ya Bentley kulikuwa na ukanushaji wa namna hiyo, ukiwamo ule kwamba hakujua mwenzake angeitumia bunduki. Jaji aliutumia dhidi yake, kwamba basi alijua bunduki ipo. Lakini kama sentensi ile ilikuwa jibu la swali la askari, basi bunduki iliingizwa na askari, na hoja yote inageuka.

Nikachukua nakala ya maelezo ya mdogo wangu, nikaigawa karatasi safu mbili kwa rula. Kulia nikanakili kila sentensi. Kushoto, mbele ya kila sentensi, nikaandika swali ambalo sentensi ile ingekuwa jibu lake. Pale ambapo sentensi ilifuata iliyotangulia kwa mtiririko wa kawaida wa hadithi, kushoto niliacha wazi. Nilijiwekea sharti kali: kama kuna njia yoyote ya kuiona sentensi ni ya msimulizi, naacha wazi.

Ukurasa wa kwanza mwanzoni safu ya kushoto ilikuwa tupu. Alifika kazini, akafungua, akapokea mzigo. Halafu ghafla: hakukuwa na mtu mwingine ndani ya gari. Nani kasema kulikuwa na mtu? Dereva hakujua kilichomo kwenye maboksi. Dereva alikuwa hajatajwa hata mara moja! Ufunguo wa mlango wa nyuma haukuwa wangu. Mlango wa nyuma wenyewe haukuwa umetajwa popote. Kisha: koti nililovaa lilikuwa la bluu. Mtu anayekiri wizi kwa hiari yake anakatiza kisa katikati atoe rangi ya koti? Kuanzia hapo mpaka chini ya ukurasa wa pili safu ya kushoto ikajaa, na ukiisoma peke yake, kutoka juu kwenda chini, ilikuwa mahojiano kamili ya polisi, kwa mpangilio, hatua kwa hatua. Nilimwonyesha wakili wa mdogo wangu bila kusema kitu. Akasoma safu ya kushoto tu, akainua kichwa: “Mwalimu, hii umeitoa wapi? Huu ni mwenendo wa mahojiano ambao hawakutupa.” Nikamwambia, “Wakili, wametupa. Uko ndani ya hiyohiyo karatasi.”

Kazi ya pili ilikuwa rahisi ila inachosha macho. Jaladani mlikuwamo maelezo ya mlinzi, yaliyoandikwa na mpelelezi yuleyule siku nyingine. Kwa kalamu ya rangi nilipiga mstari chini ya kila mfuatano mrefu wa maneno uliojirudia katika karatasi zote mbili. Maneno mawili matatu yakifanana si kitu. Lakini palikuwa na sentensi ndefu moja nzima iliyofanana neno kwa neno mpaka mkato, kwa watu wawili wanaodaiwa kusimulia kila mmoja kivyake. Kadiri mfuatano unavyorefuka, ndivyo uwezekano wa watu wawili kuutunga bila kuonana unavyozidi kutoweka. Na mtindo ule ulikuwa uleule wa maelezo ya mpelelezi mwenyewe, yale ya kuelezea alivyomkamata mshtakiwa. Ripoti za stoo nilizitumia hapo, si kuficha kwamba anajua Kiingereza, bali kuonyesha Kiingereza chake kikoje: sentensi fupi, tarehe mwanzoni, hakuna hata moja ya zile “the said” (“huyo aliyetajwa”) za kituoni.

Gharama? Nakala, kalamu za rangi, na nauli za kwenda kwa wakili. Mtu akikuambia uchambuzi wa namna hii hauwezekani bila fedha nyingi, anakutisha bure.

Wakili alitaka kuniita shahidi mtaalamu. Nilikataa, na naamini nilikuwa sahihi. Ningesimama pale, swali la kwanza lingekuwa undugu wangu na mshtakiwa, na karatasi nzuri ingezama pamoja nami. Tulikubaliana karatasi ibaki mkononi mwake, iwe maswali ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili.

Kwenye kesi ndani ya kesi, mahali ambapo hakimu huamua kama maelezo yapokelewe au la, wakili alianza kumhoji mpelelezi kwa upole. Ulimuuliza swali lolote? Hapana. Hata moja? Hapana, alisimulia mwenyewe. Akampitisha kwenye sentensi ya dereva. Nani alimtaja dereva kabla ya hapa? Kimya. Mlango wa nyuma? Koti? Kwenye koti mpelelezi akasema, “Hapo nilimuuliza ili kupata ufafanuzi.” Wakili hakupandisha sauti. Akauliza tu swali hilo limeandikwa wapi, kisha akaomba maelezo ya mlinzi yasomwe sambamba.

Alikuwa amejiandaa pia na Kanuni za Majaji za Uingereza za mwaka 1964, ambazo zilimtaka askari anayeandika maelezo aandike maneno yaleyale yaliyosemwa, asiulize isipokuwa ya kuweka maelezo sawa, wala asimchochee anayetoa maelezo. Sidhani hata alizihitaji. Hakimu alisema maelezo yale hayawezi kuchukuliwa kuwa maneno ya mshtakiwa, akayakataa. Bila hayo hapakuwa na kitu cha kumfunga mdogo wangu, akaonekana hana kesi ya kujibu.

Nasema kwa fahari kwamba hatukudai kitu hata kimoja ambacho hakikuwa kweli. Hatukusema hajui Kiingereza. Hatukusema alipigwa. Hata kwamba hakuiba sikuandika popote kwenye ile karatasi, kwa sababu lugha haiwezi kunionyesha hilo. Inachoweza kunionyesha ni sauti za watu wangapi zimo ndani ya maandishi yanayodaiwa kuwa ya mmoja. Jan Svartvik alifanya hivyohivyo mwaka 1968 kwa maelezo ya Timothy Evans, aliyenyongwa London mwaka 1950: alionyesha kwamba sehemu zenye kumtia hatiani zina mtindo tofauti na sehemu nyingine, akaishia hapo.

Ukitaka kujaribu, omba jalada zima, si karatasi moja. Omba nakala ya mwandiko, si iliyochapwa upya, maana mkato ukihama maana nayo huhama. Na usimsomee mshtakiwa uchambuzi wako kabla hujamsikia akisimulia kwa maneno yake.

Yule wakili huniletea maelezo mengine siku hizi. Karibuni aliniletea moja, tena kwa matumaini makubwa. Nikachora safu zangu mbili, nikasoma mara ya kwanza na ya pili. Kushoto palibaki peupe: kisa kilitiririka, makosa ya Kiingereza yalikuwa ya mtu yuleyule tangu juu mpaka chini, na hakuna alichokanusha kabla ya kutajwa. Nikamrudishia nikamwambia haya ni maneno ya mteja wako, tafuta utetezi mwingine.