Ninachouza ni ziara, si faili

Mwaka huu nimefungua kampuni ambayo kazi yake ni moja: kuzisaidia kampuni ndogo za Dar es Salaam kutimiza wajibu wao wa usalama na afya mahali pa kazi. Wateja ninaowalenga ni karakana za useremala za Keko, mafundi wa kuchomelea vyuma, viwanda vidogo vya mikate, mashine za kusaga nafaka na wachapishaji wenye mashine mbili tatu ndani ya chumba kimoja. Kabla ya hapo nilikuwa ofisa usalama katika kiwanda kikubwa chenye idara nzima ya shughuli hiyo, daktari anayekuja kwa ratiba na bajeti inayopitishwa kila mwaka. Kadiri nilivyopita mitaani baada ya saa za kazi ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ujuzi wetu umerundikana mahali ambapo tayari unatosha, huku ng'ambo ya ukuta fundi akipasua mbao kwa msumeno usio na kinga yoyote.

Sheria haikumsahau fundi huyo. Sera ya maendeleo ya viwanda na biashara ndogo ya mwaka 2003 inaihesabu kampuni kuwa ndogo ikiwa na wafanyakazi kuanzia 5 hadi 49. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali ambao kila mtu anaufahamu kwa jina la OSHA. Sheria hiyo inamtaka mwajiri asajili eneo lake la kazi, atathmini hatari zilizomo, wafanyakazi wake wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na baadaye kwa vipindi, na akishakuwa na wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya. Maana yake ni kwamba mtu wa tano anapoajiriwa, karakana inaingia katika kundi la kampuni ndogo na papo hapo inapata wajibu wa kuwa na mwakilishi. Wamiliki wengi niliozungumza nao hawajawahi kuelezwa hivyo na mtu yeyote. Wao wanaijua OSHA kwa jina la faini, na mtu akitajiwa faini hufikiria namna ya kuikwepa kabla hajafikiria mashine yake.

Hofu hiyo imezaa biashara ya aina moja ambayo nimeamua kutoifanya. Mwenye karakana anakuja akisema, "Dada, nitengenezee faili la OSHA," naye anapewa sera ya usalama, fomu za tathmini na mpango wa dharura, vyote vimenakiliwa kutoka kampuni nyingine na kubadilishwa jina. Nimewahi kusoma tathmini ya hatari ya kiwanda cha mikate iliyozungumzia winchi za kuinulia mizigo, ilhali pale hapakuwa na winchi hata moja. Mashine ya kukandia unga, ambayo ina mkono wa chuma unaozunguka na inaweza kuvunja mkono wa mtu, haikutajwa popote. Faili la namna hiyo linampa mwenye mali utulivu wa uongo na halimlindi anayesimama mbele ya mashine. Ndiyo maana ninachouza ni ziara. Nafika karakanani kila mwezi, nakaa muda wa kutosha kuiona kazi ikifanyika, tunarekebisha kinachorekebishika siku hiyohiyo, na maandishi yanafuata yakieleza kile ambacho kweli kimefanyika.

Msumeno wa mviringo wa mezani ndio unaonichukulia muda mrefu kuliko mashine nyingine zote, kwa hiyo nitaueleza kwa kirefu. Nyingi za mashine hizi zimeundwa na mafundi wetu wenyewe kwa mota, shafti na meza ya chuma au ya mbao, na huuzwa zikiwa tupu. Zile zilizokuja na kinga kutoka kiwandani mara nyingi zimeshavuliwa. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa adabu na kwa hoja yenye uzito: "Dada yangu, hiki kifuniko kinanizibia mstari, na mbao nyembamba haipiti." Hoja hiyo haijibiwi kwa hotuba. Hujibiwa kwa kukaa na fundi wa chuma wa mtaa wa pili na kutengeneza kifuniko kinachopanda na kushuka kulingana na unene wa mbao, pamoja na bamba jembamba la chuma linalosimama nyuma tu ya msumeno. Bamba hilo linazuia ule mpasuko usijifunge tena na kuubana msumeno. Mbao ikiubana msumeno hurushwa nyuma kwa nguvu kumwelekea aliyeisukuma, na mkono uliokuwa unaisukuma huvutwa mbele. Kijiti cha kusukumia kipande cha mwisho hutengenezwa kwa mabaki ya mbao yaliyopo sakafuni na hakigharimu chochote, lakini lazima kiwe kimetundikwa pale pale kwenye meza, kwa kuwa hakuna fundi atakayeacha kazi na kwenda kukitafuta kabatini.

Mashine za kusaga nafaka zina hatari inayofanana na hiyo, ila huko anayeumia huenda asiwe mfanyakazi. Mkanda unaounganisha mota na kinu huwa wazi, na wateja, wengi wao akina mama na watoto waliotumwa, husimama hatua moja kutoka hapo wakisubiri zamu yao. Ncha ya khanga au mtandio ikinaswa hakuna muda wa kupiga kelele. Wavu wa chuma kuuzunguka mkanda, kizuizi cha kuwaweka wateja mbali na swichi ya kuzimia ambayo mwendeshaji anaifikia bila kuinama ni kazi ya siku moja ya fundi.

Ajali, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya madhara. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani yanaonyesha kwamba karibu watu milioni 3 hufariki kila mwaka kutokana na kazi, na wengi wao, takriban milioni 2.6, huuawa na magonjwa. Hili ndilo gumu zaidi kulieleza karakanani, kwa sababu ugonjwa unachukua miaka na anayeugua huwa ameshahama. Vumbi la mbao limeorodheshwa na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani kuwa ni chanzo cha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua na ya mifuko ya hewa inayopakana nayo, tangu mwaka 1995, na moshi wa kuchomelea vyuma uliingizwa katika kundi hilohilo mwaka 2017. Seremala anayepiga msasa mninga na mkongo kutwa nzima, kisha akafagia kwa ufagio mkavu jioni, analivuta vumbi mara mbili. Tunaanza na vitu vyepesi: msasa upigwe upande ambao upepo unatokea mgongoni mwa fundi, sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, na pale uwezo unaporuhusu ifungwe feni ya kuvuta vumbi kwenye mdomo wa mashine. Katika kiwanda cha mikate vumbi la unga nalo husababisha pumu, na mfanyakazi anayekohoa usiku na kupata nafuu akiwa likizo anapaswa kupelekwa kwa daktari mapema.

Kuhusu kelele ninatumia kipimo cha kazi ambacho kila mtu anaweza kukikumbuka: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kuna uwezekano mkubwa kwamba umefikia desibeli 85, kiwango ambacho wataalamu wengi wanapendekeza kisizidi kwa saa 8 za kazi. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 88 ni saa 4 tu. Ninacho kifaa cha kupimia sauti kilichothibitishwa, na nawaonyesha mafundi namba wenyewe. Namba inayosomwa mbele ya randa yao inawaingia kuliko bango lolote.

Nataka kusema wazi kuhusu vifaa kinga, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoanzia. Barakoa, glavu, miwani na viziba masikio vina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya mwisho, baada ya kujaribu kuiondoa hatari yenyewe, kubadili kifaa au njia ya kufanyia kazi, na kuweka kizuizi kati ya mtu na mashine. Kumvika fundi barakoa katika chumba kisicho na dirisha ni sawa na kumpa mtu mwavuli alale nao chini ya paa linalovuja. Tena, glavu karibu na shafti inayozunguka ni hatari zaidi ya mkono mtupu, kwa sababu hunaswa na kuvuta kila kilichomo. Kwa sababu hiyo siuzi vifaa kinga wala sipokei kamisheni kutoka duka lolote. Mshauri anayepata faida kwa kila glavu atashauri glavu.

Jambo linalonisumbua kuliko mashine ni namna ya malipo. Mafundi wengi hulipwa kwa kipande, kitanda kwa kitanda au kilo kwa kilo, na wanaowasaidia ni vibarua wasioandikwa popote. Kinga inayochelewesha kazi kwa dakika chache inaonekana mfukoni mwa fundi siku hiyohiyo, wakati kidole kinachookolewa hakionekani. Siku hizi kabla sijapendekeza badiliko lolote namwomba mwenye karakana tukae pamoja na mafundi tuone litamgharimu nani. Kuna mmoja aliyekubali kuongeza kidogo bei ya kipande hadi mafundi walipozoea kifuniko kipya, na kwa maoni yangu uamuzi huo ulifanya kazi kubwa kuliko ushauri wangu wote. Kuhusu vibarua sina simile: nawahesabu wote waliomo karakanani, nawafundisha wote, na namwambia mwajiri kwamba mtu aliyeletwa jana ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa haijui mashine na anaona haya kuuliza.

Bei ilinitaka nifikiri upya. Karakana moja yenye watu saba haiwezi kumlipa mtaalamu wa kudumu, ila karakana kadhaa za mtaa mmoja zinaweza. Kwa hiyo napanga wateja kwa maeneo, nauli inagawanywa, na mafunzo ya wawakilishi wa usalama yanafanyika kwa pamoja katika karakana yenye nafasi, asubuhi kabla mashine hazijawashwa. Faida ambayo sikuitegemea ni kwamba mafundi wanatembeleana. Seremala mmoja akitengeneza kifuniko kizuri, wenzake wanakuja kukipima kwa macho na wiki inayofuata wanacho cha kwao.

Kuna mipaka ambayo naieleza kabla ya kupokea fedha. Ukaguzi wa kisheria na uamuzi kuhusu kutimizwa kwa sheria ni kazi ya OSHA; mimi namwandaa mteja na kumsaidia kujisajili kwa njia ya mtandao, wala sitoi cheti chochote cha serikali. Upimaji wa afya unafanywa na madaktari wenye idhini, masuala ya moto yana wenyewe, yaani Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na huduma ya kwanza napenda ifundishwe na watu wa Msalaba Mwekundu. Jambo ninalolisisitiza kwa kila mteja ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kukusanya michango mwaka 2015. Mchango huo ni wa mwajiri peke yake na haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mwenye karakana ambaye hajajisajili huko anabeba mwenyewe gharama ya fundi aliyekatika mkono, na mara nyingi hapo karakana na familia ya fundi vyote huanguka pamoja.

Kwa anayetaka kuanza biashara ya namna hii katika mji wake, usajili wa kampuni kwa wakala wa usajili wa biashara na leseni, BRELA, namba ya mlipakodi na leseni ya biashara ni mambo ya kawaida yasiyohitaji maelezo marefu. Mtaji halisi ni elimu inayotambulika, vipimo vichache vilivyothibitishwa, bima ya kitaaluma kwa ajili ya ushauri unaotoa, na uvumilivu wa kusimama karakanani hadi mafundi wasahau kwamba upo. Chagua sekta mbili au tatu uzijue hadi skrubu ya mwisho. Mtu anayejua kwamba diski ya grenda ina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa kwenye pete yake ya chuma, na kwamba kasi ya mzunguko iliyoandikwa kwenye diski haipaswi kuwa chini ya ile ya mashine, husikilizwa na fundi wa chuma.

Suala la mwisho nimeliweka ndani ya mkataba, nalo ni la mteja anayekataa. Nikikuta hatari inayoweza kuua leo, kama waya ulio wazi kwenye sakafu yenye maji au mkanda usio na kinga mahali ambapo watoto wanasimama, naomba mashine izimwe hapohapo. Mwajiri akikubali, tunatafuta fundi na siongezi ada. Akikataa, namwandikia barua ya tarehe hiyo ikieleza nilichokiona, mwakilishi wa wafanyakazi anapata nakala yake, na mkataba wetu unakoma siku hiyo. Kifungu hicho nakisoma kwa sauti kabla ya kutia saini. Wapo waliokisikia wakaahirisha, na wawili kati yao wamerudi wakiwa tayari wamefunga wavu.