Daftari Lililosema 0.5 Kila Siku

Barua ya maabara ilikuwa na mistari minne tu. Sampuli iliyochukuliwa kwenye bomba la mwisho la mradi wetu ilikutwa na E. coli, bakteria wa kinyesi, wakati maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja katika mililita 100. Mradi wenyewe ni mdogo: kisima kirefu kimoja, tangi la lita 20,000, vituo tisa vya kuchotea maji. Mimi ndiye katibu wa kamati. Nilipomaliza kusoma nikafungua daftari la klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, ambamo huandikwa kila siku miligramu zilizobaki katika lita moja. Mwezi baada ya mwezi: 0.5, 0.5, 0.5. Na chini ya kila ukurasa, sahihi yangu.

Sitaficha, kwanza nilibisha. Nikasema chupa yao ndiyo ilikuwa chafu. Nikaomba sampuli irudiwe, na safari hii niichukue mwenyewe. Nikaboronga. Ndani ya chupa niliona chembechembe nyeupe, nikadhani uchafu, nikaisuuza. Kumbe zile ni thayosulfeti ya sodiamu. Kazi yake ni kuivunja klorini nguvu palepale bombani, ili isiendelee kuua bakteria njiani mpaka majibu yaje mazuri kuliko maji yenyewe. Kwa maneno mengine, kosa langu lilikuwa linatupendelea, na bado tukafeli. Hapo nikaacha kubisha.

Kamati ilikaa jioni ileile. Mweka hazina alitaka tutengeneze kwanza ndipo tuwaambie watu, maana wakiingiwa na hofu wataacha kulipia maji. Mjadala ulizunguka hadi mama mmoja mjumbe, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Na ninyi, usiku huu mtayanywa?" Hakuna aliyejibu. Tukagawana njia, tukapita nyumba kwa nyumba: maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa, yafunikwe, yapoe yenyewe, hadi tutakapowaambia vinginevyo. Tulitukanwa kidogo. Tulistahili.

Asubuhi nikaenda kwa mhudumu wa pampu, mzee aliyeanza na mradi tangu kisima kinachimbwa.

"Mzee, shikamoo. Hii 0.5 ya kila siku unaipimia wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Vidonge vya kupimia viliisha zamani. Niliwaambia."

Ni kweli alituambia. Nilipopekua kumbukumbu za vikao nikakuta imeandikwa, kwa mwandiko wangu: "Lishughulikiwe." Halikushughulikiwa. Mzee aliendelea kutia dawa kwa kijiko, kwa mazoea, na kuandika namba aliyoambiwa kwamba ndiyo inayotakiwa.

Siku zile nilisoma kisa cha Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario, Kanada. Mei 2000, baada ya mvua kubwa, vijidudu vya samadi viliingia kwenye kisima kifupi cha mji. Watu 7 walikufa, na zaidi ya 2,000 wakaugua. Uchunguzi uligundua kwamba waendeshaji walikuwa wakiandika viwango vya klorini ambavyo hawakuvipima. Nilifunga nikatoka nje kidogo. Sisi tulikuwa hatujazika mtu, lakini daftari lilikuwa lilelile.

Tukanunua kipimio kipya, kile cha kidonge cha DPD ambacho hugeuza maji kuwa ya waridi: klorini ikizidi, waridi unakolea. Tukaanza tangini. Kidonge kikayeyuka, maji yakabaki meupe pe. Sifuri. Mzee akaongeza kijiko. Tukasubiri, tukapima, sifuri. Akaongeza tena. Mchana kina mama wa kituo cha kwanza wakaja juu, maji yananuka dawa mpaka yanawasha macho. Nami nimesimama na kichupa mkononi kinachosema hakuna klorini.

Fundi mmoja wa maabara aliniokoa kwa simu. Alicheka, kisha akaniambia nichukue sehemu moja ya maji ya tangi nichanganye na sehemu tisa za maji ya betri, yale yasiyo na asidi, nipime upya. Waridi ukajitokeza: 1.8. Zidisha kwa kumi, tangi lilikuwa na kama miligramu 18 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa 5. Klorini ikizidi mno huichoma rangi yenyewe ya kidonge, maji yakaonekana kama hayana kitu. Tangu siku ile kanuni yangu ni hii: namba ikigombana na pua, pima tena maji yakiwa yamechanganywa. Maji ya tangi lile tulifunga yasitoke kwa watu, tukayaacha juani mfuniko wazi, kisha tukayamwaga mbali na kijito, kwa sababu klorini nyingi hiyo inaua samaki.

Baada ya hapo kijiko kilistaafishwa. Hesabu si ngumu: miligramu moja kwa lita ni gramu moja kwa kila lita 1,000. Sisi tunaanzia 2, hivyo tangi la lita 20,000 linataka gramu 40 za klorini halisi. Unga wetu wa klorini una nguvu ya asilimia 65, kwa hiyo gawanya 40 kwa 0.65 upate kama gramu 62 za unga. Mzani mdogo wa jikoni unatosha. Halafu dakika 30 za kusubiri kabla ya kufungulia, na mwishoni mwa hizo dakika ibaki angalau 0.5. Kule bombani kwa mtu isipungue 0.2. Lakini asilimia 65 ni ya ndoo iliyofungwa vizuri, mahali pakavu na penye kivuli. Yetu ilikuwa wazi kando ya injini ya pampu, kwenye joto na unyevu, na hakuna aliyejua imebakiza nguvu kiasi gani.

Dawa ikawa sawa tangini, ila ugonjwa haukuwa tangini. Nilitembea laini yote na kipimio, kituo baada ya kituo. 0.6, 0.5, 0.5, 0.4. Kwenye njia panda 0.4 bado. Kituo cha mwisho, sifuri. Na safari hii ilikuwa sifuri ya kweli, hata harufu hakuna. Klorini haipotei bure; ikipotea ghafla namna hiyo kuna kitu kimeila.

Kati ya njia panda na kituo cha mwisho bomba linapita chini ya mtaro wa maji machafu. Tulipochimba tukakuta kiungio kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kilikuwa kinavuja taratibu, na hakuna aliyejali kwa sababu tuliamini maji yenye presha hutoka tu, hayaingii. Ni kweli, presha ikiwepo. Ila sisi tulikuwa tunafunga maji kila usiku kubana matumizi ya dizeli. Bomba likitoka maji linabaki na utupu ndani, na utupu hufyonza chochote kilicho nje ya tundu. Kwa hiyo kila usiku tulikuwa tunawafyonzea watu wa mwisho wa laini maji ya mtaroni, asubuhi tunayasukuma hadi kwenye ndoo zao. Hili ndilo lililoniuma kuliko barua yenyewe.

Kipande kile tulikiondoa, tukapitisha bomba jipya juu ya mtaro ndani ya bomba la chuma, ili likivuja tulione. Laini tukaijaza maji ya klorini ya miligramu 50 kwa lita, vituo vimefungwa na mtu analinda kila kimoja, tukaiacha usiku kucha, tukaisafisha asubuhi hadi kipimio kikarudi kwenye 0.5. Wavu wa tundu la hewa juu ya tangi nao ulikuwa umechanika, tukabadilisha. Ufungaji wa usiku tuliuacha. Dizeli imepanda, ndiyo, na kikao kuhusu hilo kilikuwa kirefu.

Sampuli za mwisho nilichukua kama nilivyofundishwa: bomba la chuma linafutwa na kuchomwa kwa moto, maji yanaachwa yatiririke dakika mbili tatu, chupa haisuuzwi, mfuniko hauwekwi chini, kisha kwenye kasha la barafu. Zifike maabara ndani ya saa sita ikiwezekana, na zisivuke 24. Mbili mfululizo zikaja safi, ndipo tukatangaza watu waache kuchemsha. Mjumbe mmoja akauliza kama klorini ingeondoa na floraidi ya kisima chetu, yale madini ya ardhini ambayo yakizidi huharibu meno. Haiondoi, na kuchemsha huizidisha kidogo kwa sababu maji yanapungua, floraidi inabaki. Bahati yetu kipimo cha kemikali kilikuwa chini ya ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Ingekuwa juu, kazi ingekuwa nyingine kabisa.

Kilichobaki kilikuwa daftari. Nilichora jipya: saa, kituo, namba, aliyepima, na safu pana ya mwisho, "tumefanya nini". Kituo cha mwisho hupimwa kila siku, vingine kwa zamu. Siku isiyopimwa inaandikwa "haikupimwa" na sababu yake. Mzee hakupenda.

"Mwanangu, kuandika sifuri ni kujishtaki."

Nilimwambia tulishashtakiwa tukiwa na 0.5. Hakucheka.

Afisa wa mamlaka alipokuja kukagua, nilikaa kando yake nikitokwa jasho, kwa sababu mwezi ule tulikuwa na sifuri tatu na 0.1 moja. Alipitisha kidole kwenye mstari wa sifuri ya kwanza, akauliza: "Hapa mlifanya nini?" Kabla sijajibu kidole kilishafika safu ya mwisho: vali ya mwisho wa laini ilifunguliwa dakika 20, imepimwa tena saa 5, 0.3. Akageuza ukurasa. Kilichomkera ni ndoo ya dawa, kwamba imeandikwa kwa kalamu inayofutika. Tumeibandika karatasi.

Wiki iliyopita nilipita kwenye nyumba ya pampu bila taarifa. Daftari lilikuwa wazi mezani, mwandiko wa Mzee, wino bado mbichi: "Haikupimwa. Vidonge vimeisha jana jioni. Katibu amepigiwa saa 1 asubuhi, saa 3, saa 4." Nikatoa simu mfukoni. Ilikuwa imezimwa sauti.